Dawa Niliyoichanganya kwenye Mtori

Mimi ni mpishi, na naanza na hilo ili ijulikane ni nani anayezungumza. Nina diploma ya upishi na huduma za hoteli. Ada yake hakuilipa baba wala mjomba; niliilipa mwenyewe kwa ndizi nilizouza soko la Kiboriloni, nikishuka na mikungu kutoka Mwika asubuhi na kupanda tena jioni kiuno kikiwaka moto. Baada ya hapo nilikwenda Doha. Nilianza kwa kumenya vitunguu kwenye jiko la hoteli lisilo na dirisha, na nilipoondoka, miaka kumi na moja baadaye, nilikuwa nasimamia wapishi thelathini wa mataifa ambayo mengine hata leo sijui yako wapi kwenye ramani. Nikiinua nyusi tu, mtu alijua mchuzi wake umeharibika.

Nilirudi Moshi kwa hiari yangu, na sikurudi na begi la nguo na hadithi. Nilirudi na kazi. Leo watu wazito wakiwa na harusi au kipaimara, wananipigia mimi kwanza, na nikiwa sina nafasi wanasogeza tarehe. Wapishi wanaopanda mlimani na wageni, wengi wamepita mikononi mwangu. Mama nilimjengea nyumba ya vigae pale pale kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, na jiko la gesi la plate nne ndani yake.

Katika watu wote niliowalisha, mmoja tu hakuwahi kuniambia chakula changu ni kitamu, na ndiye niliyetaka aseme. Ni huyo mama.

Alikuwa akionja kijiko kimoja, anakiweka chini taratibu, anasema, "Haya." Basi. Haya si sifa na si lawama. Ni mlango uliofungwa bila kupigwa. Siku nyingine alinipa zaidi. Mara ya kwanza niliyompikia baada ya kurudi, niliweka tui la nazi kidogo kwenye mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, kama nilivyowapikia wageni Doha wakausimamia foleni. Mama aliangalia bakuli, akaniangalia mimi.

"Hii ni nini?"

"Mtori, mama."

"Una nazi."

"Kidogo tu, inalainisha."

"Kwani bahari imehamia Mwika?"

Jirani yetu, rafiki yake wa tangu usichana, alicheka mpaka akashika mti wa mlango. Mimi nilicheka pia, kwa mdomo.

Kwetu mtori ni chakula cha mzazi. Binti akijifungua, hasa mtoto wa kwanza, anakaa ndani miezi mitatu, hagusi jembe wala ndoo, na mama yake au mkwe wake anamlisha mtori mpaka mashavu yang'ae. Mimi nilijifungua Dar es Salaam, majuma machache kabla ya mitihani ya diploma, na sikupanda kuja kulishwa. Nilirudi darasani na pedi ya maziwa kifuani. Mama alikuwa ameshaweka mikungu ya mshare na beberu wa kuchinja. Ndizi zikaiva, ng'ombe akazila. Hakunisema hata siku moja, na mimi sikuuliza. Ila nilijua kwamba kuna deni la vijiko kati yetu, na kwa miaka mingi nilifikiri nitamaliza jambo hilo kwa kumpikia yeye, siku moja, kitu ambacho hataweza kukiweka chini.

Kisha chakula kikaanza kumkwama.

Ilianza na ugali. Akasema umekauka. Zikafuata ndizi, akasema hazikuiva vizuri. Nikawa napika laini zaidi na zaidi, naye anameza na maji, kila tonge na maji yake, anakaa kidogo ameshika kifua kama anayesubiri mtu apite. Hospitalini walimpitisha mpira kooni na kutuambia kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, umekomaa, na kwa umri wake kisu kitamwumiza kuliko kumsaidia. Nilimweleza daktari kwamba nina uwezo, nitampeleka India, nitampeleka popote. Daktari alinisubiri nimalize. Halafu akamgeukia mama, akamwuliza yeye anataka nini.

"Nataka kwenda kulala kwangu," mama akasema.

Ndipo tukaandikishwa kwa watu wa huduma ya nyumbani, wale wanaomfuata mgonjwa kwake kumwondolea maumivu pale ambapo ugonjwa wenyewe hauondoki tena.

Nesi alikuja Jumatatu. Alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, viatu vina tope jekundu hadi juu, mkoba mgongoni. Akamsalimia mama kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, "Shikamoo, bibi," mama akaitikia, akamwuliza kwao ni wapi. Kwao ni Rombo. Mama akasema basi si mgeni.

Mimi nikamwuliza wanatoza kiasi gani.

"Hatutozi, dada."

"Hata dawa?"

"Hata dawa."

Sitaficha: nilimdharau. Katika kazi yangu nimeona vya bure, najua vinavyotengenezwa. Nilikwenda chumbani nikaja na bahasha. Aliisukuma kwa vidole viwili, kwa upole, kama mtu aliyeshiba anavyosogeza sahani.

Mkoba hakuufungua kwa muda mrefu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwuliza mama habari za kahawa, za ng'ombe, za mfereji wa maji kama bado unafika kihambani kwa zamu. Nilisimama mlangoni nikihesabu dakika zinazopotea. Mwishowe akauliza, "Bibi, kati ya yote haya, linalokusumbua zaidi ni nini?"

Nilijua jibu. Nilikuwa tayari kujibu mimi: kula.

"Hapa," mama akasema, akagusa katikati ya kifua. "Kama mtu ameniwekea kaa la moto akasahau kulitoa." Akapumzika. Kisha akanyoosha kidevu upande wangu. "Na huyu. Ananilisha sana."

Nesi alicheka, mama naye akacheka. Mimi nilikwenda kuangalia sufuria.

Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, kwenye chupa ndogo, na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Nesi alinifundisha: kiasi hiki, kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. "Usisubiri alie, dada. Tukisubiri maumivu yaje, yatatukimbiza. Tunatangulia sisi." Akanipa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu ile ya kwanza hufunga tumbo. Akaniandikia namba yake ya simu.

Kwa kushika saa, hakuna anayenishinda. Nimepika karamu ambazo nyama inatoka jikoni dakika ile ile bibi harusi anapokaa. Nilichora jedwali, nikalibandika ukutani, nikaweka kengele kwenye simu, nikaacha biashara mjini mikononi mwa wasaidizi wangu na kuhamia Mwika. Juma la kwanza mama alilala kama hajalala mwaka mzima. Alikaa barazani, akakosoa migomba yangu, akamwambia jirani kwamba kaa la moto limepoa. Nilianza kuheshimu ile chupa.

Lakini hakuwa anakula. Nikileta uji, vijiko viwili. Nikileta supu iliyochujwa, kimoja. Mikono yake ilianza kuwa kama ya mtoto, mifupa inaonekana jinsi ilivyounganishwa. Jirani alikuja akamwona, akanivuta nje.

"Wewe, na diploma yako yote hiyo ukutani, mwenzangu anakufa njaa ndani ya nyumba ya mpishi?"

Alisema kwa utani wake wa siku zote, lakini macho yalikuwa yamejaa. Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa samaki. Nilikaa kwenye ngazi za jiko nikafikiri, na nikapata jawabu ambalo nililiona la akili sana. Kitu pekee ambacho mama hakukataa kamwe ni dawa. Basi dawa na chakula viende pamoja.

Nilipika mtori kwa namna ambayo sijawahi kupika tangu nishike mwiko. Mshare mbichi, nyama ya mfupa iliyochemka asubuhi nzima, nikaponda, nikachuja mara mbili, nikapunguza kwa mchuzi mpaka ukawa unamiminika kama maziwa. Kile kiasi cha dawa nilikipima sawasawa, bila kupunguza tone, nikakikorogea ndani ya bakuli. Nikamwambia mama, "Dawa imo humo. Ukitaka nafuu, umalize."

Aliangalia bakuli. Akanywa kijiko cha kwanza, akatulia. Cha pili. Cha tatu. Akasema, "Nimeshiba, mwanangu."

Vijiko vitatu! Kwangu vilikuwa ushindi, kwa sababu siku iliyotangulia vilikuwa viwili vya uji mwepesi. Na hakusema "Haya." Hilo nililiona. Kwa mara ya kwanza aliweka kijiko chini bila neno lolote juu ya chakula chenyewe, na nilitoka chumbani na bakuli nikitembea kama niliyepewa kikombe mbele ya watu. Nilifanya hivyo hivyo kila saa nne, siku ile, na iliyofuata, na ya tatu.

Siku ya tatu nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Kanga yake ilikuwa imesokotwa mpaka imekuwa kamba. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema ni baridi tu, ukungu umeshuka mapema. Mtu wa Mwika analalamikia ukungu! Nilijua anadanganya, ila nilijua vibaya: nilifikiri dawa imeisha nguvu. Nikampigia nesi simu, na nilimpigia nikiwa na hasira yote ya mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kuiweka.

"Dawa yenu imekuwa maji matupu," nikamwambia. "Kama ni ya bure mseme mapema, ninunue ya maana."

"Nakuja, dada," akasema.

Alikuja mchana ule ule, juu ya pikipiki, barabara ikiteleza. Hakuulizia maneno yangu. Alimwangalia mama, akashika mkono wake, akamwuliza maumivu ni mangapi katika vidole vya mikono miwili. Mama akaniangalia mimi kwanza. Kisha akafungua vidole vyote kumi, akavikunja haraka kama aliyeiba.

Nesi akanigeukia. "Dada, naomba unionyeshe unavyompa dawa. Kila hatua, kama mimi sipo."

Nilimwonyesha kwa fahari. Nikapima, nikamwonyesha mstari, nikamimina kwenye bakuli la mtori, nikakoroga. Nikamweleza na jinsi nilivyochuja mara mbili.

"Na bakuli analimaliza?"

"Vijiko vitatu. Jana jioni vinne."

Nesi aliangalia bakuli, kisha akaniangalia mimi, na nikaona kwamba anatafuta namna ya kulisema bila kunivunja. Hakuhitaji. Mimi ni mtu wa vipimo. Bakuli lile lina vijiko zaidi ya ishirini. Nilisimama pale na mwiko mkononi na kufanya hesabu ya siku tatu.

"Si kosa lako peke yako," nesi akasema. "Nilipaswa kukwambia wazi kwamba iende mdomoni yenyewe. Nilidhani imeeleweka."

Alimpa mama dawa pale pale, taratibu, pembeni mwa shavu, tone kwa tone. Tukakaa. Baada ya muda mikono ikaachia kitanda. Kanga ikafunguka yenyewe.

Ndipo mama akasema, macho yamefumba, "Msimseme mwanangu."

"Hatujamsema, bibi."

"Nilijua. Nilionja tangu siku ya kwanza. Mtori ulikuwa mchungu kama majani ya mwarobaini."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mbona hukusema, mama?"

Alifungua jicho moja. "Ningekwambiaje kwamba mtori wako mchungu? Ungesema nimeanza tena."

Nimeishi na sentensi hiyo tangu siku ile. Miaka yote aliyonikosoa chumvi na moto na nazi, alikosoa chakula kizuri. Mara moja tu nilipompa chakula kibaya kweli, chakula kilichomwacha aungue siku tatu, alinyamaza ili asiniumize.

Nesi alinifuata nje kabla ya kuondoka. Aliniambia jambo ambalo hakuna chuo kilichowahi kunifundisha, kwamba mwili unapofunga kazi zake hauombi chakula tena, na kumlazimisha ni kumwongezea mzigo. "Mlowanishie midomo kwa pamba. Mpake mafuta. Kaa naye."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukae tu, dada."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Nilikaa. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kisu, inatafuta kitambaa cha kufutia. Kengele ikilia nilimpa dawa, yenyewe, kwenye shavu, na saa nne zilizobaki nilikuwa mtoto wa mtu, sina cheo. Alikuwa anasinzia na kuamka, anasimulia vitu. Alinisimulia jinsi mama yake alivyomlisha aliponizaa mimi, na jinsi alivyochoka kula akawa anamwaga mtori nyuma ya nyumba. Tulicheka. Nilitaka kumwuliza kuhusu ile mikungu aliyoniwekea. Nilitaka kumwuliza kama katika vyote nilivyowahi kumpikia kipo hata kimoja alichokipenda. Niliweka swali juu ya ulimi na kulimeza, kila siku. Mtu ambaye hawezi tena kula, unamwulizaje habari za ladha?

Mama alifariki mwezi ule ule, adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu na jirani akiimba, bila kukunja uso. Chakula cha msiba nilipika mwenyewe na watu walisifu. Mimi sikusikia ladha yoyote, na mpaka leo zipo siku ambazo naonja sufuria ya harusi ya watu mia tano na kujikuta nasubiri mtu aseme "Haya." Ningetoa kila nilichonacho mjini nilisikie.

Lakini kabla hajafariki ilikuwepo Alhamisi moja.

Asubuhi mama aliuliza kama nesi anakuja. Nikasema anakuja mchana.

"Anakula wapi?"

"Sijui, mama."

"Mtu anapanda mlima wote huu na pikipiki, halafu anatoka kwangu na tumbo tupu? Tumekuwa watu wa namna gani? Mpikie mtori."

Nikainuka kwenda kwenye jiko la gesi.

"Siyo huko," akasema. "Kule nje. Na dirisha hili ulifungue."

Jiko lake la zamani liko mkabala na dirisha la chumba, hatua chache tu, la mbao zilizokuwa nyeusi kwa moshi. Niliwasha kuni kwenye mafiga, nikaweka sufuria yake yenye sikio moja. Sauti yake ilikuwa haifiki tena nje, kwa hiyo jirani aliketi dirishani na kuwa redio yake.

"Anasema povu la nyama umelitoa?"

"Nimelitoa!"

"Anasema ulitoe tena!"

Nikalitoa tena.

"Anasema unaponda kama unagombana na mtu!"

"Mwambie naponda kama alivyonifundisha!"

Jirani akainamisha sikio ndani, kisha akacheka. "Anasema hakukufundisha, ulikuwa unachungulia!"

Ilikuwa kweli. Nilipika bila chujio, bila cha Doha, bila chochote ambacho hakikuwepo jikoni humo nilipokuwa nachungulia. Moshi ulinitoa machozi na nikafurahi kwamba upo moshi. Harufu ilipoanza kupanda, ile ya ndizi ikikutana na mchuzi wa mfupa, jirani aliacha kutangaza. Nilipoinua macho, alikuwa amesogea pembeni ya dirisha ili hewa ipite.

Nesi alifika, akamwona mama, akapima, akauliza maumivu. Mama alikunja vidole vyote akabakiza kimoja. Ndipo nikaingia na bakuli. Nesi akaniangalia, nikaona anaogopa. Hakutaka kula mbele ya mtu asiyeweza kumeza.

"Nitakula barazani, bibi," akasema.

"Hapana. Kaa hapa nikuone."

Nesi akakaa. Akachota kijiko, akapuliza, akala. Mama alikuwa amemkazia macho mdomoni. Kijiko kilipopanda, kidevu chake kilipanda nacho kidogo. Nesi alipomeza, koo la mama, lile lile lililofungwa, lilishuka na kurudi, kama linameza pamoja naye. Kijiko baada ya kijiko. Nilisimama nimebeba sinia, sikuthubutu hata kukohoa.

"Mtamu?" mama akauliza.

Nesi alikuwa na mtori mdomoni. Akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, akameza. "Mtamu, bibi. Mtamu kweli kweli."

"Najua," mama akasema.

Hakunitazama alipolisema. Alilaza kichwa kwenye mto, akavuta pumzi ndefu kwa pua, ile harufu bado imejaa chumbani. Bakuli la nesi lilikuwa limefika nusu.

"Wewe," akaniambia, "mbona umesimama? Mwongeze."